Mtaji Uliowekwa Barabarani

Mwezi Agosti 2021, katika mnada uliofanyika Pebble Beach, California, McLaren F1 moja iliuzwa kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 20. Gari hilo liliundwa Uingereza mwaka 1995. Siku linauzwa, mita yake ilikuwa inasoma maili 242, yaani kilomita kama 390. Kwa miaka 26, gari lililoundwa likimbie kuliko gari lolote lililokuwa likiuzwa madukani wakati huo, lilikuwa halijatembea hata umbali wa basi moja linalotoka Dar es Salaam asubuhi na kuingia Dodoma alasiri. Waliolinadi hawakuificha namba hiyo. Waliitanguliza. Udogo wake ndio uliokuwa sokoni.

Habari ya tajiri kumuuzia tajiri mwenzake ingeweza kupita hivihivi. Hii imenikaa kwa sababu ya swali lililomo ndani yake: kitu kilichotengenezwa kwa kazi moja, kwa ustadi wa juu kabisa uliowezekana siku zile, kinakuwa kitu gani kikizuiwa kuifanya kazi hiyo? Na bei ile kubwa inatoka wapi hasa?

Tuanze na aliyelibuni. Gordon Murray alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1946, akaenda Uingereza akiwa kijana na kujijengea jina kwa kubuni magari ya Formula 1. Alipopata nafasi ya kuunda gari la barabarani alilolitaka moyoni, alimweka dereva katikati, na abiria wawili nyuma yake kidogo, mmoja kila upande, ili anayeshika usukani aione barabara sawasawa kulia na kushoto. Ukuta wa chumba cha injini aliufunika kwa utando mwembamba wa dhahabu, kwa kuwa dhahabu hurudisha joto vizuri. Kisha, na hapa ndipo nia yake inapoonekana wazi, akatenga ubavuni nafasi za kuwekea mabegi. Nafasi ya begi ni ishara ya safari. Mtu anayeunda sanamu ya kuwekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi hahangaiki na mahali pa kuweka nguo za kubadilisha. Mwaka 1998 gari lake lilifikia kasi ya kilomita 386 kwa saa, na miaka mitatu kabla ya hapo, aina yake ya mashindano ilikuwa imeshinda mbio za saa 24 za Le Mans. Yote kwa jumla, ya barabarani, ya majaribio na ya mashindano, yalitengenezwa 106 tu.

Mmoja wa walionunua McLaren F1 ni mtu ambaye karibu kila mwenye televisheni Afrika Mashariki anamjua kwa sura: Rowan Atkinson, yule Mr. Bean wa kigari kidogo cha kijani. Alilinunua lake mwaka 1997 kwa zaidi ya pauni nusu milioni, akalitumia kama gari. Mwaka 1999 aligonga gari jingine kwa nyuma. Mwaka 2011 aliteleza karibu na Peterborough, akagonga mti, akavunjika bega. Kampuni ya bima ililipa kama pauni 910,000 kulitengeneza, kazi iliyochukua zaidi ya mwaka. Lilipouzwa mwaka 2015 lilikuwa limetembea maili 41,000, yaani kilomita 66,000 hivi, na taarifa za wakati ule zilitaja bei ya pauni milioni nane.

Ziweke hesabu hizo mbili pamoja. Gari lililogongwa mara mbili na kuendeshwa miaka 18 liliuzwa kwa zaidi ya mara kumi ya bei lililonunuliwa. Lile la Pebble Beach lilipata zaidi, ni kweli, na miaka sita ya kupanda kwa bei ilichangia. Lakini Atkinson hakupata hasara. Alipata faida ndogo kuliko ambayo angeipata kwa kulifungia, na katikati alikuwa na miaka 18 ya kukaa kwenye kile kiti cha katikati. Wanaosema kwamba kuliendesha gari adimu ni kuchoma fedha wanapaswa kwanza kueleza hesabu hii.

Lipo jambo la ndani zaidi kuliko faida ya mtu mmoja. Ninaamini kwamba thamani ya magari haya ni mtaji uliowekwa na watu walioyaendesha, na kwamba anayeyafungia anaula mtaji huo bila kuongeza chochote. Ushahidi bora ni Ferrari 250 GTO.

Gari hilo lilitoka kwenye kiwanda cha Ferrari cha Maranello, Italia, kati ya mwaka 1962 na 1964. Magari yenye injini ya lita tatu yalikuwa 36. Lilikuwa gari la kazi: mwili wa aluminiamu uliogongwa kwa mkono, kabureta sita za Weber juu ya silinda 12, na ndani yake hakuna anasa yoyote. Bei yake Marekani ilikuwa kama dola 18,000, na Enzo Ferrari mwenyewe alitaka kujua nani ananunua. Waliokubaliwa walikuwa washindani, au watu wa kuwapa washindani gari. GTO zilishinda ubingwa wa kundi lao mwaka 1962, 1963 na 1964. Halafu zikapitwa. Gari la mbio lililopitwa na wakati ni chuma kikuukuu chenye kelele, na kwa miaka kadhaa ndivyo zilivyotazamwa. Moja ilitolewa kwa shule ya sekondari huko Texas, wanafunzi wakajifunzia ufundi. Mwaka 1972 shule iliiuza kwa dola 6,500, na aliyeinunua aliiacha juu ya trela, uwanjani, kwenye jua na theluji ya Ohio, kwa takriban miaka 15.

Mwaka 2018 GTO nyingine iliuzwa mnadani Monterey kwa dola milioni 48.4. Ukisoma maelezo ya minada ya aina hiyo utaona kinachouzwa: namba ya chasisi, orodha ya mashindano, majina ya madereva, nafasi iliyoshikwa katika mbio za kupanda mlima za Sicilia, picha za gari likiwa na vumbi na tope. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari ndilo mali yenyewe. Na kila mstari wa daftari hilo uliandikwa na mtu aliyekuwa tayari kulikunja gari kwenye ukuta. GTO ambayo ingefungiwa tangu mwaka 1962 ingekuwa kitu cha ajabu, lakini nina hakika kwamba kama zote 36 zingefungiwa siku ileile, leo hakuna ambaye angekuwa anazijali.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano mkubwa kuliko wote. Tarehe 5 Mei 2022, ndani ya jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, gari moja liliuzwa kwa yuro milioni 135. Hakuna gari lililowahi kutajwa hadharani kufikia bei hiyo kabla yake. Lilikuwa ni 300 SLR la mwaka 1955, lenye paa, moja kati ya mawili yaliyoundwa, na halikushindana hata mara moja. Ajali ya Le Mans ya Juni 1955 iliyoua zaidi ya watu 80, wengi wao watazamaji, ilibadilisha hali ya mchezo mzima, na mwisho wa mwaka huo Mercedes ikajitoa kwenye mashindano. Magari yale mawili yakabaki bila kazi. Je, hilo halikupata bei yake kwa kukaa?

La hasha. Yanaitwa kwa jina la Rudolf Uhlenhaut, mhandisi mkuu aliyeyaunda, kwa sababu Uhlenhaut alichukua moja na kulifanya gari lake la kwendea kazini. Gari la mashindano lenye injini ya silinda nane, lililoweza kukaribia kilomita 290 kwa saa, likipita kwenye barabara za kawaida za Ujerumani likiwa na mhandisi ndani yake. Umaarufu wake ulianzia hapo. Tena nyuma ya magari hayo mawili yapo yale ya wazi ya aina hiyohiyo, likiwamo lile ambalo Stirling Moss alilishindia Mille Miglia ya mwaka 1955, maili elfu moja za barabara za Italia kwa saa 10 na dakika 7, pembeni yake Denis Jenkinson akimsomea njia kutoka kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa. Utukufu ule uliligusa hata lile ambalo halikushindana. Fedha za mauzo, kwa taarifa ya msomaji, zilianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo kwa vijana, na hilo ni jema lisilohitaji maneno mengi.

Upande wa fedha nitaupitia kwa haraka, maana hauna utamu mwingi. Sheria ya kodi ya Uingereza inaihesabu mashine kama mali inayochakaa, hivyo faida ya kuuza gari la mtu binafsi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Sheria inakubali kwamba gari huisha. Mwekezaji anatumia ukweli huo kulifanya lisiishe. Ford ilipouza GT yake mpya mwaka 2017 iliwafunga wanunuzi kwa mkataba wasiliuze gari kwa miezi 24, na ilipoona mwigizaji John Cena ameuza lake mapema, ilimpeleka mahakamani. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata. Marekani siku hizi yapo majukwaa ya simu yanayouza hisa za gari moja kwa mamia ya watu, kila mmoja akimiliki kipande cha kitu asichoweza kukiwasha. Bei nazo hazipandi daima. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988 wanunuzi walikimbilia magari yenye jina lake, na mwaka 1989 bei ya GTO moja ilivuka dola milioni 10. Miaka michache baadaye soko lilikuwa limeanguka, na magari ya aina hiyo yakawa yanapatikana kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Waliokuwa wamenunua ili wauze walibaki na mashine wasiyoipenda. Waliokuwa wamenunua ili waendeshe waliamka kesho yake wakiwa na kilekile walichokuwa nacho jana.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zenye kabati la vyombo vya wageni sebuleni, sahani za maua na vikombe vyenye mstari wa dhahabu ambavyo mtoto haruhusiwi kuvigusa. Sina ugomvi na kabati hilo. Vyombo vile vilikuwa na mtu wa kusubiriwa: posa, msiba, Idi, mgeni kutoka mbali, na siku hiyo ilipofika vilishushwa, vikaoshwa, vikatumika. Gari la kilomita 390 linamsubiri nani? Linamsubiri mnunuzi ambaye naye hatalitumia, kwa sababu akilitumia atakuwa amekila kile alichokilipia. Kila mwenye nalo anakuwa mlinzi wa namba tu, analinda ile mita isisogee, mpaka ampate mlinzi mwingine. Ni uhusiano mkavu sana kuwa nao na kitu kizuri, na ninauonea huruma.

Kisa kinachonigusa zaidi katika habari hizi zote ni cha ndugu wawili wa Mulhouse, Ufaransa. Hans na Fritz Schlumpf walikuwa na viwanda vya nyuzi za sufu huko Alsace. Kuanzia miaka ya 1960 Fritz alinunua magari ya zamani kwa njaa isiyo ya kawaida, hasa Bugatti. Mwaka 1964 alinunua kwa mkupuo mmoja Bugatti 30 kutoka kwa tajiri mmoja wa Illinois. Katika zile Bugatti Royale sita zilizosalia duniani, alipata mbili. Yote yaliletwa kwenye kiwanda cha zamani, ndani ya kuta zisizopitisha macho, ambamo mafundi walioapishwa kunyamaza waliyatengeneza moja baada ya jingine. Alijenga njia za kutembelea kati ya safu za magari na kusimamisha mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris. Waliopata kuingia walikuwa wachache mno.

Biashara ya sufu ilipozorota, wafanyakazi walipunguzwa, mishahara ikakwama, na ndugu wale wakakimbilia Uswisi. Machi 1977 wafanyakazi walivunja na kuingia. Walikuta magari mamia kadhaa yakimeremeta chini ya taa za Paris. Nikijaribu kujiweka mahali pa mwanamke aliyefanya kazi kwenye mashine za kusokota kwa miaka, akiambiwa kiwanda hakina fedha, halafu anasimama mbele ya Royale, sioni ni neno gani angeweza kulitamka. Wafanyakazi walilikalia jengo kwa takriban miaka miwili na kulifungua kwa umma. Serikali ya Ufaransa iliutangaza mkusanyo huo kuwa urithi wa taifa usiotawanywa, na mwaka 1982 makumbusho yakafunguliwa rasmi. Leo yeyote mwenye nauli na kiingilio anaweza kuyaona.

Fritz Schlumpf hakununua ili auze, hilo lazima lisemwe. Aliyapenda. Lakini alipenda kwa kufunga mlango, na mlango uliofungwa unakuwa na gharama inayolipwa na mtu mwingine. Kwa kiwanda cha Mulhouse, gharama hiyo iliandikwa kwenye daftari la mishahara. Kwa magari yanayokaa leo kwenye maghala yenye ulinzi na hewa iliyopimwa unyevu, analipa kijana ambaye hatayasikia yakipita.

Nimesema kuyasikia kwa makusudi. Ferrari ya silinda 12 ikipandishwa gia mbele yako inakuingia kifuani kabla ya masikioni. Picha haitoi hicho. Jukwaa la makumbusho halitoi. Hata mtu asiyejua chochote kuhusu kabureta anageuka. Kati ya kazi zote za ustadi wa karne ya 20, hii ni mojawapo ya zile ambazo uzuri wake uko kwenye mwendo, na ukiuondoa mwendo umebakiza nusu.

Na chuma chenyewe hakipendi kukaa. Fundi wa Gerezani pale Dar es Salaam, au wa Grogan kule Nairobi, hahitaji kufundishwa jinsi gari lililowekwa juu ya mawe linavyokufa. Petroli iliyolala miezi mingi inachacha na kuacha utando wa gundi kwenye matundu madogo ya kabureta. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa, unyevu unakula silinda za breki kwa ndani. Sili za mpira zikikosa oili inayozunguka zinakauka, zinapasuka, na siku injini ikiwashwa oili inavuja kila kona. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja linapata ubapa, na hata lisipokanyaga lami mpira wake unakuwa mgumu kwa umri. Klachi inagandana na flaiwili. McLaren F1 lenyewe linadai mfuko wa mafuta ulio ndani ya tangi ubadilishwe kila baada ya miaka mitano, kazi inayolazimu injini kushushwa, liwe limetembea au halikutembea. Hivyo anayelifungia gari analipa matunzo ya mwendo bila kuupata mwendo.

Kuna uharibifu mwingine ambao hauonekani kwenye sakafu. Kulinganisha kabureta sita ili silinda 12 zivute kwa pumzi moja ni kazi ya sikio na kidole. Fundi huijua kwa kuwasha, kurekebisha, kwenda barabarani, kurudi na kurekebisha tena. Kuijua gia isiyo na msaada wa kompyuta, kuhisi breki za zamani zinapoanza kuchoka, ni maarifa yanayohamia kutoka mtu hadi mtu gari likiwa linatembea. Magari yakisimama, mafundi wa aina hiyo wanazeeka bila wanafunzi, na baada ya kizazi kimoja tutakuwa na mashine zisizo na doa ambazo hakuna mikono inayoweza kuziamsha.

Upande wa pili una hoja nzito, na nisingependa kuipita. Fred Simeone, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Philadelphia aliyefariki mwaka 2022, alitumia maisha yake kutetea wazo kwamba gari la mashindano la kihistoria ni hati. Bati la awali, rangi ya awali, alama ya nyundo ya fundi wa awali: vikipotea havirudi, na kibadala, kiwe kizuri namna gani, kinabaki kibadala. Ana haki. Julai 2012, wenye GTO walipokuwa wakisafiri Ufaransa kuadhimisha miaka 50 ya gari hilo, moja iligongana na gari la kawaida barabarani na kuharibika vibaya. Hatari ipo, na anayesema haipo hajawahi kuona bati jembamba la aluminiamu likikunjwa. Ningekubali kabisa kwamba katika kila aina ya gari adimu moja libaki jinsi lilivyotoka kiwandani, ili anayetengeneza jingine awe na pa kutazamia. Lakini moja linatosha kwa kazi hiyo, au mawili, na liwe mahali watu wanaruhusiwa kulitazama. Simeone mwenyewe alitoa mkusanyo wake kwa taasisi ya umma, na siku maalumu magari yale hutolewa nje, uwanja wa nyuma ya jengo, yakawashwa na kuendeshwa mbele ya watu. Mlinzi mkali kuliko wote alielewa kwamba hati hii husomwa kwa sauti.

Huku kwetu suala hili lina sura nyingine, na naona fahari kulitaja. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yaliyapitisha magari Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye tope la masika na vumbi la nyika, mpaka mwaka 1963 yakaanza magari 84 na kumaliza saba. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, ndugu wa zile zilizobeba familia na abiria wa teksi katika miji yetu yote. Sifa ya 404 haikutengenezwa ghalani. Tangu mwaka 2003 kuna East African Safari Classic, ambamo wenye Porsche 911, Ford Escort na Datsun za zamani wanazileta Kenya na Tanzania kuzipitisha kwenye njia zilezile. Mengi ya magari hayo yamejengwa upya na kuimarishwa kwa ajili ya mawe, kwa hiyo Simeone angekuwa na la kusema. Ila mwaka 2011 aliyeshinda alikuwa Björn Waldegård, bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za magari za rali, akiwa na umri wa miaka 68 ndani ya Porsche 911, na watoto wa vijiji vya kando ya njia walimwona. Hakuna aliyewatoza kiingilio.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni kwamba bei zenyewe zinaanza kuwafukuza hata wanaotaka kuendesha. Mtu aliyerithi gari la dola milioni 40 anaweza kuwa na moyo wa dereva na bado akashindwa kulala usiku wa kuamkia mashindano. Kwenye Goodwood Revival, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza Uingereza mwaka 1998, baadhi ya wenye magari ya thamani hushindana kwa nakala iliyoundwa karibuni na kuliacha lile halisi nyumbani. Siwalaumu. Nawaomba tu wasilisahau lile la nyumbani, walitoe hata asubuhi moja ya Jumapili, taratibu, mpaka oili ipate moto.

Nick Mason, mpiga ngoma wa Pink Floyd, alinunua GTO yake mwaka 1977, enzi ambazo bei yake ilikuwa maelfu ya pauni na si makumi ya mamilioni. Ni chasisi namba 3757, iliyoshika nafasi ya tatu Le Mans mwaka 1962. Tangu hapo ameishindanisha, ameisafirisha, amewapa wengine usukani, na binti zake nao wameingia kwenye mashindano kwa magari ya baba yao. Bei ilipanda akiwa ndani yake, mguu kwenye mafuta. Siku ikifika mnadani, kama itafika, mwandishi wa katalogi atakuwa na zaidi ya miaka arobaini ya kuandika baada ya ule mstari wa Le Mans.